Chenji wanaijua, mtihani wanapata nane: nifundishe hesabu za maisha au nirudi kwenye pasti pepa?

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha hesabu kidato cha pili na cha tatu kwenye shule ya kata, darasa moja lina watoto tisini na kitu. Wengi familia zao ni za biashara ndogondogo, jioni wanauza genge, wanachoma mahindi, wengine wanauza maji stendi, na kwenye chenji huwezi kuwadanganya hata shilingi mia. Lakini nikiwapa mtihani wanapata nane, kumi na moja, sita. Nimesikia habari ya kufundisha hesabu za maisha, kwamba mtoto aweze kusoma mkopo, bili, takwimu za kwenye taarifa ya habari. Nikajaribu kidogo, darasa likachangamka kweli. Sasa mkuu wa idara ananiambia napoteza muda, hayo ni mambo ya watoto wasio na uwezo, nirudi kwenye pasti pepa. Je ni kweli nawapunja? Na nikiendelea, nafanyaje na darasa la watu tisini? Kuna mmoja pia ananipa mawazo, yuko kidato cha pili lakini ukimwandikia 52 na 25 hajui ipi kubwa."

Marahaba mwalimu, na pole sana na kazi, tisini na kitu kwenye chumba kimoja sio mchezo. Nimelisoma swali lako nikaona kama ni matatu yamebanana. Unaogopa kwamba ukiwafundisha mkopo na bili unawanyima ile hesabu yenyewe itakayowavusha. Unataka kujua inafanyikaje kwa vitendo. Na kuna huyo mtoto wa 52 na 25, ambaye nitamweka mwisho kwa sababu shida yake sio ya wenzake na ukiwachanganya utakosea pande zote mbili.

Tuanze na hicho kinachokushangaza, mtoto anayejua chenji halafu anapata nane. Haiko shuleni kwako tu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao juu ya watoto wanaouza vitu barabarani mji wa Recife, Brazil. Waliwaendea kama wateja, wakauliza bei, wakadai chenji. Baadae wakawakalisha watoto walewale na karatasi na penseli wakawapa hesabu za aina ileile. Barabarani walipatia kama asilimia 98, kwenye karatasi zile hesabu tupu zisizo na habari ya nazi wala ndimu zikaporomoka mpaka kama 37. Kuna mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi kumi bei gani wakati moja ni 35, akasema tatu ni 105, tatu tena 210, bado nne, 315, nadhani 350. Sisi tungemwambia weka sifuri mwishoni mwa 35 basi, ila yeye hakuhitaji sifuri, alikuwa anaziona nazi.

Hapo ndipo penye siri yote. Mtoto gengeni kila namba anayoishika ni kitu, ni nyanya, ni noti ya elfu mbili, kwahiyo akikosea anashtuka mwenyewe maana jibu linakuwa la ajabu. Darasani namba imevuliwa kile kitu, imebaki alama, na yeye anajaribu kukumbuka kanuni aliyoisikia nusu nusu kutoka kiti cha nyuma. Hana cha kumshtua. Ndio maana anakuandikia kwamba redio ya 80,000 ikipunguzwa asilimia 15 inakuwa 79,985 na anafunga daftari ana amani kabisa, wakati dukani angekucheka ungemwambia hivyo.

Na sio kwamba hawana akili, tumewazoesha hivyo. Kule Grenoble, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto wa shule ya msingi walipewa swali hili: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi wakajibu 36. Wape wako kesho kitu kama hicho, sema mzee ana ng'ombe 26 na mbuzi 10, mkewe ana miaka mingapi, uone watakaouliza "ticha mbona haieleweki" ni wangapi. Wachache. Mtoto ameshajifunza kwamba somo la hesabu ni mahali ambapo ukiona namba mbili unafanya nazo kitu, chochote.

Sasa hiyo hesabu ya maisha unayoisikia ni nini hasa? OECD, lile shirika la kimataifa la uchumi linalosimamia mitihani ya PISA ya kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, wanaielezea kwa vitendo vitatu ambavyo mi naona vinatosha kabisa: kuigeuza hali ya kweli iwe hesabu, kuipiga hiyo hesabu, halafu kulirudisha jibu kwenye ile hali na kuuliza kama lina maana. Angalia daftari za wanafunzi wako, angalia na ubao wako, utakuta karibu muda wote tunaumalizia hapo katikati. Swali linakuja limeshapikwa, piga, toa jibu, pigia mstari mara mbili. Ukiwaambia wanafunzi 130 wanakwenda Mikumi na kosta moja inabeba 28, watakugawia vizuri tu na kukupa 4.64. Kosta nne nukta sita nne! Aliyesema tano ndiye amemaliza hesabu, na anayeuliza "kwani walimu hawaendi?" huyo mpe daftari jipya.

Kwahiyo kuna dhana mbili hapa ni za kuziweka sawa. Moja ni kwamba hesabu ya maisha ni kuchukua swali la kitabu ukabandika Juma na maembe. Hapana, Juma mwenye maembe 400 ambaye anayagawa kwa uwiano wa 3:5 bila sababu yoyote ni alama zilezile tu zimevishwa shati. Nyingine ni hiyo ya mkuu wako wa idara, kwamba ni somo la wasio na uwezo, na hapa nisimlaumu sana maana ina chanzo. Afrika Kusini mwaka 2006 walianzisha somo linaitwa Mathematical Literacy, yaani hesabu za maisha, kwa darasa la 10 mpaka 12, ikawa kila mwanafunzi lazima asome ama hilo ama Mathematics. Wazo lilikuwa zuri, asiwepo anayemaliza shule bila hesabu kabisa. Ila kilichotokea ni kwamba ukichagua hiyo Literacy mlango wa uhandisi, udaktari na mengi ya sayansi unafungwa, na watu wakaanza kuiona ni njia ya waliochoka. Kenya nao kwenye sekondari yao ya juu mpya wametangaza hesabu ya lazima yenye matawi mawili, Core kwa wa sayansi na Essential kwa wengine, na huo mjadala wa nani anapelekwa wapi unawahusu na wao.

Lakini kwako wewe huo mgawanyo haupo. Wanafunzi wako wote wanakaa karatasi moja, hamna Basic Math ndogo na kubwa. Kwahiyo usije ukaugawa wewe kwa mikono yako, eti hawa wa mbele waendelee na logarithimu na hawa wa nyuma niwape bili za umeme. Hapo kweli utakuwa umewapunja. Hesabu ya maisha iingie kwa wote, tena huyo anayepata 80 ndo mpe ngumu zaidi, utashangaa jinsi anavyobabaika akikosa fomula ya kushika.

Nikuonyeshe moja ninayoipenda kuliko zote, risiti ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla wa TANESCO. Waambie kila mwenye umeme nyumbani aje na risiti au meseji ya tokeni, wasio nao watakaa na walio nayo. Kwenye risiti ambazo nimezizoea kuna kodi ya VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla 22, na kwa tarifu ya T1 uniti moja ni shilingi 292. We tumia asilimia zilizoandikwa kwenye risiti mliyonayo mkononi, maana mambo haya hubadilika, na epuka risiti iliyokatwa kodi ya jengo kwa siku ya kwanza, itawavuruga. Uliza: ukinunua umeme wa 10,000 unapata uniti ngapi? Waache wakisie kwanza kabla ya kushika kalamu, hilo la kukisia usiliruke hata siku moja. Halafu wapige. Karibu darasa zima litatoa asilimia 22 kwenye 10,000, ibaki 7,800, wagawe kwa 292, wapate 26.7. Sawa, sasa waambie waangalie risiti. Risiti inasema 28.1.

Kelele zitakazotokea hapo ndio somo lenyewe. TANESCO wamekosea? Au sisi? Usiwajibu. Waache dakika kumi wagombane. Kuna mtu atasema, ngoja, hiyo 22 ni ya nini? Ni ya 10,000 au ya umeme? Na hapo ndipo wanagundua kwamba kodi inahesabiwa juu ya bei ya umeme, kwahiyo 10,000 ni umeme pamoja na asilimia 22 ya umeme, yaani umeme mara 1.22. Gawa 10,000 kwa 1.22 unapata kama 8,197, gawa kwa 292 unapata 28.07. Imekubali! Mwalimu, hilo kosa la kuongeza asilimia 22 halafu kudhani ukipunguza asilimia 22 unarudi ulipotoka, ndilo hilohilo linalowaua kwenye maswali ya faida na hasara, bei ya kununulia ukipewa ya kuuzia. Umefundisha hilo swali bila kulitaja, na kilichowasahihisha ni risiti ya mama yake mtu na sio kalamu yako nyekundu.

Ya pili ni mikopo. Hao wanaojua genge wanaijua na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, wengi wameisikia nyumbani usiku. Weka ubaoni, namba za kutunga, usimtaje mtu wala kampuni: unapewa 300,000, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000, riba 90,000, watakwambia asilimia 30 na mkopeshaji nae anasema hivyohivyo. Kisha uliza, je hiyo 300,000 unakaa nayo mwezi mzima? Chora jedwali la siku kumi za mwanzo, kila siku 10,000 ya deni inapungua, 300,000, 290,000, 280,000. Kwa wastani mwezi ule mtu amekaa na 155,000 tu mkononi. Kwahiyo 90,000 analipa kwa ajili ya 155,000, hiyo ni kama asilimia 58 kwa mwezi. Kwa kidato cha tatu endelea mbele: mtu akishindwa kulipa na deni likawa linakua asilimia 30 kila mwezi juu ya lililopita, baada ya mwaka ni 1.3 kipeo cha 12, kama mara 23.3, yaani ile laki tatu imekuwa karibu milioni saba. Sikuzote nilikuwa naona wanafunzi wanaikariri fomula ya riba mchanganyiko kama dua, hapa wanaiogopa, na ukiiogopa unaikumbuka.

Ila sikiliza, usiigeuze kuwa mahubiri. Atakuwepo mtoto atakayesema "lakini mama anapata faida 25,000 kwa siku kwenye huo mtaji, akilipa 13,000 anabaki na 12,000", na yuko sahihi, hiyo nayo ni hesabu, muulize siku ya mvua je, siku mtoto akiugua je, wiki moja ikiwa mbaya jedwali linakuwaje. Anayekopa hivyo mara nyingi sio mjinga, hana pa kwenda kwingine. Na ukiona mtoto amenyamaza ghafla au macho yamebadilika, hilo somo limegusa nyumbani kwao, usimchimbe mbele za watu, mwelekeze kwa mwalimu wa malezi na ushauri, wewe ni mwalimu wa hesabu sio mshauri wa madeni ya familia.

Mkeka vilevile. Wavulana wako wanabeti, hata kama hairuhusiwi kwa umri wao, tusidanganyane. Mechi tano kila moja odi 1.80, zidisha zote unapata kama 18.9, kwahiyo 1,000 inaleta kama 18,900, inavutia. Tukubaliane kila mechi ni nusu kwa nusu kama kurusha shilingi: nafasi ya kupatia zote tano ni moja kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa 32,000. Kwa wastani kila elfu unayoweka inarudi kama 590. Hii mwambie mkuu wa shule kabla, wazazi wengine wakisikia "mwalimu anafundisha kubeti" utaanza kuandika barua za kujieleza.

Sasa niwe mkweli kwako maana umeuliza kama unawapunja. Hesabu ya gengeni ina mwisho wake. Yule mtoto wa nazi, mpe nazi 35 kwa bei ya 10, au mpe namba hasi, au mwambie atafute bei ya awali kabla ya kodi, njia yake ya kujumlisha vifungu vifungu inachoka. Ukimwacha hapo kwa kumsifia tu kwamba "watoto wetu wanajua hesabu asilia", umemdanganya. Kazi yako ni kumvusha. Ukiwa na jedwali la mkopo ubaoni, siku ileile au kipindi kinachofuata andika pembeni yake fomula, waone kila herufi imetoka kwenye safu gani. Kuna topiki ambazo hazina bili wala genge, kurahisisha vipeo au kuthibitisha pembetatu zinafanana, hizo zifundishe kama zilivyo, usilazimishe hadithi. Halafu kama sehemu, desimali na thamani ya nafasi ni mbovu tangu msingi, risiti haitazitengeneza yenyewe. Tenga dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi kwa hizo tu, kwa muhula mzima, bila kuona aibu kwamba ni kidato cha tatu.

Kuna na suala la lugha, na hili watu wanalipita haraka. Watoto wako wamesoma hesabu miaka saba kwa Kiswahili, wakafika kidato cha kwanza ikageuka Kiingereza mwezi mmoja. Kabla hujasema hajui hesabu, jua ameanguka wapi. Mtafiti wa Australia, Anne Newman, miaka ya 1970 aliacha njia rahisi sana ya kumhoji mtoto aliyekosa swali, mambo matano kwa mpangilio: nisomee swali, niambie linataka nini, utatumia njia gani, haya piga nione, sasa niandikie jibu kamili. Unasimama pale alipokwama. Mchukue yule wa redio ya 80,000. Akisoma vizuri lakini ukiuliza linataka nini anakuangalia tu, ligeuze: "umeenda dukani, redio elfu themanini, jamaa kakupunguzia asilimia kumi na tano." Ukisikia "kumi ni elfu nane, tano ni elfu nne, elfu kumi na mbili, kwahiyo elfu sitini na nane", basi huyo hesabu anayo, amezuiwa na sentensi. Mwenzake atakwama kwenye kupiga kabisa, huyo ana dawa nyingine. Wote wawili walipata sifuri kwenye swali lile na tulikuwa tunawapa dawa moja.

Ushauri wangu hapo ni kujenga maana kwa Kiswahili bila woga na kumalizia kwa Kiingereza kila kipindi, maana mtihani uko kwa Kiingereza na hautabadilika kwa ajili yetu. Sentensi moja tu, wao wenyewe watunge swali la Kiingereza kutokana na ile risiti. Kutunga ni kugumu kuliko kujibu, na ndo kunawafundisha tofauti ya kupungua kwa asilimia 15 na kupungua mpaka asilimia 15, ambayo kwa Kiingereza ni kineno kimoja kidogo.

Kuhusu pasti pepa na mkuu wako. Usimpinge kikaoni, na pia hana kosa asilimia mia. Karatasi ya kidato cha nne ina maswali 14, kumi ya alama sita sita na manne ya alama kumi kumi, D inaanzia 30. Mtoto anatakiwa aijue hiyo karatasi, muda wake, namna ya kuonyesha njia ili apate alama hata jibu likikataa. Kwa hilo pasti pepa hazina mbadala. Lakini angalia matokeo ya taifa, kati ya 2021 na 2024 ufaulu wa hesabu umekuwa ukicheza kama asilimia 20 mpaka 25, na sidhani kama hao robo tatu waliobaki hawajawahi kuona pasti pepa, wamezipiga mpaka karatasi zimechanika. Pasti pepa inampima anayejua, haimfundishi asiyeelewa swali linataka nini. Kwahiyo mpelekee mkuu pendekezo dogo: kila shughuli ya maisha inafungwa na swali moja la pasti pepa la topiki hiyohiyo, risiti inafungwa na swali la asilimia, mkopo na la riba, mkeka na la probabiliti. Uwiano, faida na hasara, akaunti, takwimu, hizo zote ziko kwenye silabasi na zinaingia kwenye mtihani, hujatoka nje ya kitabu hata hatua moja. Omba muhula mmoja, mfanye jaribio fupi lilelile mwanzo na mwisho, mkondo mmoja ufundishe hivi na mwingine kama kawaida. Yakija majibu mabaya ukubali.

Darasa la tisini: usiifanye kila siku, utakufa. Mara moja kwa wiki inatosha, kipindi cha mfululizo kama unacho. Wakae wawili wawili kama walivyo kwenye dawati, usianze kupanga makundi ya watu kumi, kwenye kumi wanafanya wawili na wanane wanachora. Swali moja tu ubaoni. Dakika mbili wakisie, waandike kisio kwa kalamu wasifute. Dakika kumi na tano wapige. Kisha ita majibu matatu tofauti, lazima moja liwe la makosa na aliyelitoa asikaripiwe, uliza darasa lipi linaendana na risiti. Kusahihisha, chukua madaftari ya safu moja kila wiki, nane au kumi, sio tisini. Mambo yote mengine watasahihishana. Na jiunge na wenzako, kama shuleni kwenu ile jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ipo kwenye makaratasi tu, hii ndio mada ya kuiamsha, na CHAHITA, chama cha hisabati, utakutana na walimu wenye madarasa kama lako na wengine wana vifaa wameshavitengeneza.

Sasa yule wa 52 na 25. Kwanza usikimbilie jina la ugonjwa. Anza na vya karibu. Msogeze mbele, mwandikie namba kubwa kwenye karatasi, uone kama shida ni macho. Muite nyuma yake kwa sauti ya kawaida uone anasikia. Mpe habari fupi ya Kiswahili aisome, kama hata Kiswahili hasomi basi shida ni pana kuliko hesabu. Uliza amekula saa ngapi, analala wapi, mahudhurio yake ya shule ya msingi yalikuwaje, wengine wamepoteza miaka miwili mizima ya darasa la pili na la tatu na hakuna aliyerudi kuwafundisha makumi na mamoja. Kama ni hilo, mkae mara mbili kwa wiki, njiti zilizofungwa kumi kumi na zile za moja moja, ajenge 52 kwa mikono, ajenge 25, aone. Wiki sita hivi utaona mabadiliko.

Usipoyaona, na ukakuta bado anahesabu vidole kwenye 7 na 5, hasomi saa, jana alijua leo hajui, noti za fedha zinamchanganya hata nje ya shule, wakati masomo mengine anakwenda vizuri, hapo inaweza kuwa diskalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kuelewa namba, au kitu kingine ambacho mimi siwezi kukipima kwa maandishi na wewe huwezi kukipima darasani. Ongea na mzazi kwanza, kwa staha, umwambie ulichokiona na sio unachokihisi. Kisha pitia kwa mkuu wa shule mumpate afisa elimu maalumu wa halmashauri, ndiye anajua mtoto apelekwe wapi kupimwa, na macho na masikio yaangaliwe hospitali hata kama we umeona yako sawa. Andika kwenye daftari tarehe na mifano ya makosa yake, karatasi zake tatu nne ziweke, maana ukifika ofisini na karatasi unasikilizwa tofauti na ukifika na maneno. Na wakati mnasubiri, usimwite ubaoni.